Kuku Hakuhesabiwa

Kwenye makaburi ya Kanisa la St Peter's mjini Nyeri wamelala wazee wawili wanaoletewa watalii kila mwaka. Wa kwanza ni Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, aliyefariki mwaka 1941. Wa pili ni Jim Corbett, aliyefariki Aprili 1955. Corbett alipata jina India akiwinda simbamarara na chui waliokula watu. Chui wa Rudraprayag, aliyempiga risasi mwaka 1926, anasemekana kuua watu zaidi ya 100. Corbett alihamia Nyeri mwaka 1947, akaishi kwenye nyumba ndogo iliyokuwa ya Baden-Powell katika uwanja wa hoteli ya Outspan. Usiku wa Februari 1952 ambao Elizabeth aligeuka kutoka binti mfalme kuwa malkia akiwa juu ya mti pale Treetops, Corbett alikuwa hapo akilinda ngazi.

Hivyo ndivyo hadithi ya wanyama wakali inavyosimuliwa huku kwetu: mzungu, bunduki, chui, picha ukutani.

Lakini pita Tetu, Mathira au Mukurwe-ini asubuhi yoyote, uulize ni nani amevamiwa na mnyama usiku. Ni nadra utajiwe chui. Utaambiwa kuhusu kuku sita waliokutwa chini, shingo zimetafunwa, nyama imeachwa. Utaambiwa kuhusu vifaranga kumi waliobaki watatu kwa wiki moja, na mwewe anayekuja saa nne kamili kama mtu wa kuandikwa kazi. Vita hivi havina kaburi la kutembelewa. Havina hata picha. Na bado, ukivifuata nyuma miaka mia na ushee, utagundua vinaeleza jambo ambalo vitabu vya shule huliruka: katika miteremko ya Mlima Kenya, ulinzi umejengwa mara nyingi, kwa gharama kubwa, na karibu kila mara umejengwa kwa ajili ya kitu kingine. Kuku alibaki nje ya hesabu. Na kuku akibaki nje ya hesabu, ujue kuna mama fulani amebaki nje pamoja naye.

Jikoni

Tuanze na hesabu yenyewe. Gikuyuni, mali ilihesabiwa kwa miguu minne. Mahari ilitajwa kwa mbuzi. Sadaka chini ya mugumo ilikuwa kondoo. Mzee aliyesifiwa kwa utajiri alisifiwa kwa ng'ombe. Kuku hakuingia kwenye orodha hiyo, na kwa sababu hakuingia, hakuna mzee aliyejisumbua kumdhibiti. Alipozoeleka kwenye boma, akawa wa mama na wa watoto. Yai lilikuwa la mama. Pesa ya kuku aliyeuzwa Karatina ilikuwa ya mama, ya chumvi, ya sabuni, baadaye ya daftari. Hadi leo, nyumba nyingi ng'ombe ana mjadala wa ukoo lakini kuku huuzwa bila kikao.

Ulinzi wake ulifuata umiliki wake. Mbuzi walilala ndani ya nyumba ya mama kwa sababu ya chui na fisi, na kuku akafuata njia hiyo hiyo: akalala jikoni. Wengi wetu tumekulia kwa shosho ambaye jioni huhesabu kuku wakipita mlangoni mmoja mmoja, kisha anafunga. Moshi, joto, mlango mmoja na mtu mzima anayelala usingizi mwepesi. Hakuna banda la kisasa linaloshinda hapo, ukiacha kinyesi.

Mchana ulikuwa na ulinzi wa aina nyingine. Kuku mwenye vifaranga wachanga alifunikwa kwa tenga, wakapata mwanga na hewa lakini wasifikiwe. Wakishakua kidogo waliachiliwa, na mtoto wa miaka mitano au sita akapewa kazi ya kukaa karibu na kupiga kelele. Ukisikia "rwĩgĩ!" ikipigwa kutoka boma moja, boma la pili lilidaka, na la tatu. Kijiji kizima kilikuwa kengele.

Kuku mwenyewe alikuwa sehemu ya kengele hiyo. Wanasayansi waliochunguza sauti za kuku wamethibitisha jambo ambalo shosho zetu walilijua bila maabara: kuku ana sauti tofauti kwa adui wa juu na adui wa chini. Kivuli kikipita angani, jogoo hutoa mlio mwembamba mrefu na kila mmoja huganda au kuingia kichakani. Nguchiro akionekana kwenye majani, sauti ni ya kukatika-katika, kali, inayorudiwa, na kuku husimama wima wakimtazama. Mtu aliyekua nao hujua, akiwa jikoni anachambua mboga, kama anapaswa kutoka akitazama juu au akitazama chini.

Na kulikuwa na hadithi, inayosimuliwa kwa namna tofauti tofauti Afrika Mashariki nzima. Kuku aliazima wembe wa mwewe (kwingine ni sindano) akaupoteza. Ndiyo maana kila siku anachakura ardhi, anautafuta. Ndiyo maana mwewe anachukua watoto wake, anajilipa deni. Tulipokuwa wadogo tuliichukua kama hadithi ya wanyama tu. Ukiisikiliza leo, na ile programu ya mikopo ikikutumia ujumbe kila saa, utaona ni hadithi ya riba: deni la wembe mmoja linalolipwa na vizazi vyote, na mdai ndiye anayeamua lini limekwisha. Waswahili nao wakamaliza kesi kwa maneno matano: dua la kuku halimpati mwewe.

Mtu wa ndege

Desemba 1902, afisa kijana wa Kiingereza aitwaye Richard Meinertzhagen alikuwa na kikosi kilichoshambulia watu wa Tetu na kujenga ngome karibu na kilima cha Nyeri. Mji wa Nyeri ulianzia hapo. Adhabu ya siku zile ilikuwa na mtindo mmoja: kuchoma nyumba na kuswaga mifugo. Ng'ombe kwa mamia, mbuzi na kondoo kwa wingi zaidi, walihesabiwa kwa makini na kuandikwa. Kuku hakuhesabiwa hata katika kuporwa.

Meinertzhagen ndiye yule yule aliyemuua Koitalel arap Samoei wa Wanandi mwaka 1905 katika mkutano uliokuwa uwe wa amani. Kinachosahaulika ni kwamba alikuwa pia mtaalamu wa ndege wa kusifika duniani. Alikusanya maelfu ya ndege waliokaushwa, akaviachia vizazi mkusanyiko uliodhaniwa kuwa hazina. Miaka ya 1990, watafiti walipoukagua waligundua kwamba ndege wengi walikuwa wameibwa kutoka makumbusho na kubandikwa vibandiko vipya vyenye tarehe na mahali pa uongo. Mwanzilishi wa mji wetu alikuwa, kwa maana kamili ya neno, mwizi wa ndege.

Serikali aliyoitumikia ilileta pia sheria za uwindaji. Mwanzoni, simba na chui waliwekwa kwenye fungu la wanyama waharibifu ambao mlowezi angeweza kuwapiga apendavyo, kwa sababu walikula ng'ombe wa mlowezi. Mwafrika aliyetega mtego pembeni mwa shamba lake, kwa upande mwingine, alianza kuitwa jangili. Ulinzi ukawa leseni, na leseni ilikuwa na rangi. Mwaka 1949 Mlima Kenya ukawa hifadhi ya taifa, na mwaka 1950 Aberdare, yaani Nyandarua, ikafuata. Msitu uliokuwa jirani sasa ukawa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa wewe.

Mtaro

Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Katikati ya mwaka 1954 serikali iliamua kuwahamisha Wakikuyu kwa nguvu kutoka maboma yao yaliyotawanyika kwenye matuta, na kuwakusanya vijijini. Kufikia mwishoni mwa 1955, zaidi ya watu milioni 1 walikuwa wamesukumwa katika vijiji zaidi ya 800. Nyumba za zamani zilichomwa au kubomolewa, mara nyingi wenyewe wakitazama.

Kila kijiji kilizungukwa na mtaro wenye vigingi vilivyochongwa, kikawa na kituo cha walinzi na saa za kutotoka nje. Kando ya msitu wa Mlima Kenya ulichimbwa mtaro mwingine wa takriban kilomita 80, mpana na wenye kina cha kumeza mtu, nao ukajazwa vigingi. Waliochimba walikuwa wanakijiji wenyewe, wengi wao wanawake, bila malipo. Lengo lilikuwa kuwakata wapiganaji wa Mau Mau kutoka kwa chakula.

Tazama kitu hiki kwa jicho la mfugaji. Hakuna wakati wowote katika historia ya Nyeri ambapo boma lilizungukwa na ulinzi mzito kiasi hicho. Mtaro, vigingi, seng'enge, mlango mmoja, askari usiku kucha. Ungekuwa umeambiwa ujenge banda la kuku lisiloingiliwa na nyegere wala nguchiro, ungechora kitu kama hicho. Tofauti ni kwamba hapa waliofungiwa walikuwa watu, na mnyama mwenye njaa alikuwa ndani pamoja nao akiwa amevaa sare. Wanahistoria waliokusanya ushuhuda wa wanawake wa vijiji hivyo, akiwemo Caroline Elkins katika kitabu chake cha mwaka 2005, wameandika jinsi walinzi walivyojichukulia mifugo na mali. Mama aliyeokoa kuku wawili alikuwa na swali jipya kabisa: umlinde kuku na nani, wakati mwenye ufunguo wa lango ndiye anayemtamani?

Jikoni nako hakukuwa kama zamani. Vibanda vilijengwa haraka, vikabanana. Na ile kengele ya "rwĩgĩ!" kutoka boma hadi boma ilikosa maana mahali ambapo mchana ulikuwa wa kazi ya kulazimishwa na wanaume wengi walikuwa kizuizini.

Wakati huo huo ardhi ilikuwa inapimwa upya. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulikusanya vipande vilivyotawanyika kuwa shamba moja lenye hati. Waliokuwa upande wa serikali walikuwa nje, huru, wakishuhudia mipaka ikiwekwa. Waliokuwa msituni au kizuizini walirudi wakakuta mipaka imeshapigwa. Hali ya Hatari iliisha Januari 1960, lakini kuna familia ambazo hazikutoka vijijini kwa sababu hazikuwa na mahali pa kutokea. Ndiyo maana hadi leo Nyeri kuna makazi yanayoitwa vijiji vya kikoloni, nyumba zimegusana migongo, kiwanja kikiwa kidogo kuliko maegesho ya magari ya supamaketi moja Nairobi. Huwezi kufuga ng'ombe hapo. Unaweza kufuga kuku.

Jogoo na kanu

Uhuru ulikuja na alama ya jogoo. KANU, iliyoanzishwa mwaka 1960, ilitumia jogoo kwenye karatasi za kura na kwenye kila mkutano, na kwa miaka 39 jogoo ndiye aliyewika peke yake. Sasa fungua kamusi ya Kiswahili, utafute neno kanu. Ni mnyama mdogo wa usiku, mwili mrefu, madoa kama ya chui, mkia wenye pete. Hupanda miti, hupenya tundu ambalo ungeapa halipitishi paka. Chakula chake ni panya, ndege, wadudu, na akipata nafasi, kuku. Chama kilibeba picha ya jogoo na jina la anayemla. Sina la kuongeza hapo. Wazazi wetu waliishi ndani ya utani huo.

Kanu wa manyoya ana wenzake. Nguchiro huja mchana na jioni, akipenda mayai na vifaranga. Nyegere ndiye fundi wa kubomoa: huchimba chini ya ukuta na kung'oa ubao. Mondo, paka wa miguu mirefu, huonekana pembeni mwa msitu na kwenye mashamba ya upande wa Kieni. Bweha wako zaidi upande mkavu wa Naro Moru na Nanyuki. Angani yuko mwewe mwenyewe mwenye mkia uliopasuka, anayebeba vifaranga uwanjani, na kipanga mkubwa wa msituni, mweusi mgongoni na mweupe kifuani, anayeweza kumwangusha kuku mzima.

Huyo kipanga tulimjengea nyumba. Baada ya ardhi kupimwa, kahawa na chai zilienea, na pamoja nazo mikaratusi: ya kuni za viwanda vya chai, ya nguzo, ya kuuza mbao. Kipanga huyu hupenda kutaga juu ya miti mirefu iliyosimama pamoja, na mikaratusi inamfaa kabisa. Vichaka vya asili ambamo kuku alijificha vilifyekwa, na mti ambao adui anaangalia kutoka juu ukapandwa. Hakuna aliyekusudia. Ilitokea tu, kipande kwa kipande, hati kwa hati.

Kisha walinzi wakaenda shule. Mwaka 1974 serikali ya Kenyatta iliondoa karo kwa darasa la kwanza hadi la nne, na Januari 2003 Kibaki, mtu wa Othaya, akaiondoa kwa shule ya msingi yote. Hesabu umri: wanafunzi wa darasa la kwanza na la pili ndio wale wale waliokuwa wakikaa na vifaranga wakitazama juu. Hakuna mtu mwenye akili timamu angetaka warudishwe uani. Lakini kazi waliyoiacha haikuandikiwa mtu mwingine. Ilimwangukia mama yule yule, juu ya zile nyingine.

Mabadiliko ya mwisho yalikuja ndani ya yai. Taasisi ya utafiti wa kilimo, KALRO, imezalisha pale Naivasha kuku wa kienyeji walioboreshwa, wanaotaga zaidi na kukua haraka. Bei yao imelipa karo za watu wengi. Ila kuku hawa hawapendi kulalia. Vifaranga wao hutoka kwenye mashine, hufika kwa boksi kwenye matatu, na hukua chini ya taa. Hawajawahi kusikia mlio ule mwembamba wa mama. Ukiwaachilia uani wakiwa na wiki sita, kivuli kinapopita juu yao wanaendelea kula.

Kilomita 400

Miaka hiyo hiyo, ua mkubwa kuliko yote ulikuwa unajengwa. Shirika la Rhino Ark lilianzishwa mwaka 1988 ili kuwaokoa faru wa Aberdare, na mwaka uliofuata ujenzi wa uzio wa umeme ulianza. Ulikamilika mwaka 2009, takriban kilomita 400 kuzunguka msitu wote, na Rais Kibaki akauzindua. Mwaka 2012 kazi kama hiyo ilianza kuzunguka Mlima Kenya.

Tuseme ukweli: uzio ule ulibadilisha maisha. Watu waliokuwa wakikesha na moto kulinda viazi na mahindi dhidi ya ndovu walianza kulala. Msitu nao ukapona. Lakini umejengwa kwa kipimo cha ndovu na nyati. Kanu na nguchiro hawahitaji hata kuuvuka. Wanaishi upande wetu, kwenye mabonde ya mito, mawe ya zamani na stoo za mahindi. Mwewe hajui kuna uzio.

Sheria nayo ina kipimo hicho hicho. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliahidi fidia: shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, na malipo kwa mazao na mifugo iliyoharibiwa. Ahadi hiyo inafungwa na orodha ya wanyama. Ndovu yumo. Simba, chui, fisi na nyati wamo. Nguchiro hayumo. Kanu hayumo. Mwewe na kipanga hawamo. Chui akila mbuzi wako kuna fomu ya kujaza, hata kama utasubiri miaka. Nyegere akiua kuku 40 usiku mmoja, na kuku 40 ni karo ya muhula, hakuna fomu. Wakati huo huo sheria hiyo inakukataza kumuua. Tangu uwindaji upigwe marufuku mwaka 1977, bunduki ya Corbett si jibu kwa yeyote, na ni vizuri iwe hivyo. Ila mtu aliyenyimwa bunduki na kunyimwa fidia, bila kupewa hata mita kumi za seng'enge, ameachiwa kitu kimoja dukani.

Sumu

Kitu hicho huuzwa kwenye chupa ndogo kama dawa ya wadudu. Unapaka kwenye mzoga wa kuku aliyeuawa, unauacha pale pale, unaenda kulala. Carbofuran, iliyojulikana zaidi kwa jina la biashara Furadan, ndiyo iliyopata sifa mbaya. Mwaka 2009, baada ya simba waliouawa nayo kuonyeshwa kwenye televisheni ya Marekani, mtengenezaji aliiondoa sokoni Kenya. Jina liliondoka, mbinu ikabaki.

Ubaya wa sumu ni kwamba haiulizi jina. Anayekufa kwanza mara nyingi ni mbwa wa jirani. Baadaye ni ndege anayekula mizoga, na ndege anayemla panya aliyeionja. Watafiti walilinganisha hesabu za ndege wa kuwinda zilizofanywa barabarani Kenya kati ya 1970 na 1977 na zile za 2003 hadi 2020. Kati ya spishi 22, 19 zilikuwa zimepungua. Sababu ni nyingi: nyaya za stima, malisho kuisha, misitu kukatwa, na sumu.

Kati ya waliopungua yuko ndege mmoja ambaye kila mtu wa Nyeri amemwona bila kumjua. Hukaa juu ya nguzo ya stima kando ya barabara, kifua cheupe, mkia wa rangi ya kutu. Wataalamu humwita Buteo augur. Sisi humwita mwewe, kwa sababu kila mwenye mdomo wa ndoana ni mwewe, na tunamtupia mawe. Huyu anaweza kubeba kifaranga mara moja moja, lakini chakula chake kikuu ni panya na fuko. Fuko, yule huko anayekula viazi na mizizi kutoka chini hadi unang'oa shina ukakuta hakuna kitu. Milimani kwetu kuna vijana wanaolipwa kwa kila fuko wanayemnasa. Yaani tunamlipa mtu kwa kazi, na tunamuua anayeifanya bure.

Na kwa nini apigwe huyu? Kwa sababu anaonekana. Kipanga wa mikaratusi hupita kama kisu, anarudi kwenye majani, humwoni tena. Unapotoka na hasira yako, aliyekaa wazi juu ya nguzo ndiye anayepata hukumu. Hii ni nchi ambapo mwizi wa kuku hufungwa na mwizi wa mabilioni hupewa kipaza sauti. Tusishangae kwamba hata angani tunakamata anayeonekana.

Kufuli

Nilipoacha chuo nilikaa Mathira karibu mwaka mzima, nikiandika usiku na kusaidia kwenye banda mchana. Nililoliona ni kwamba wanaopoteza kuku wachache hawana siri. Wana vitu vinne, na vyote ni historia iliyopita ikirudi kwa sura nyingine.

Banda limeinuliwa futi mbili au tatu kutoka ardhini, sakafu ni ya mbao, na chini yake pako wazi ili mnyama asiwe na pa kujificha. Madirisha yana wavu wa waya mgumu wenye matundu madogo. Seng'enge nyembamba ya kuku humzuia kuku asitoke, haimzuii nyegere asiingie. Wavu wa nje umezikwa futi moja kwenda chini, kwa ajili ya anayechimba. Na mlango una kufuli inayofungwa kabla giza halijaingia, si baada ya taarifa ya habari. Hilo la mwisho ndilo jikoni la shosho. Kuku wanapita mlangoni, mtu anawahesabu.

Mchana ni vichaka. Pandeni kitu kifupi na kizito uani, hata matete, hata malenge yatambae juu ya fito, kuku apate pa kukimbilia. Kuna wanaoning'iniza sidii za zamani zimetemete, na kuna wanaopaka vifaranga rangi ya zambarau ili mwewe asiwatambue. Zinaweza kusaidia kwa muda, lakini mwewe si mjinga, huzoea. Na kama unaleta vifaranga wa mashine, wawekee kuku mmoja wa kienyeji mwenye kelele. Kuku wengine wakisikia mlio wake, wanajifunza kukimbia. Ni mwalimu wa bei nafuu kuliko wote.

Hakuna kati ya hivyo kinachomzidi mama wa kijiji cha kikoloni akili. Kinachomzidi ni pesa, na zaidi ya pesa, uhakika. Kuzika wavu futi moja ni kuwekeza ardhini, na watu hawawekezi kwenye ardhi wanayoweza kuambiwa waondoke Jumatatu. Miaka ya karibuni baadhi ya familia za vijiji vya kikoloni Nyeri zimeanza kupewa hati za viwanja vyao, zaidi ya miaka 60 baada ya mitaro kufukiwa. Wengine bado wanangoja. Ukipita huko utazijua nyumba zenye hati bila kuuliza. Angalia uani. Banda limesimama juu ya nguzo za simenti, si za miti, na wavu umeingia chini ya udongo.